Kumbukumbu gani hiyo inayosahau?

Umeme ulikatika mzee akiwa katikati ya neno "mwembe".

Nakumbuka kwa sababu shangazi alikuwa akilirudia kwa sauti huku akizitafuta herufi moja moja kwenye kibodi, kama afanyavyo siku zote. Alipofika "mwe", kioo kikawa cheusi, feni ya ndani ya boksi ikashusha pumzi, na kilichobaki kusikika dukani ni mvua ya masika juu ya bati. UPS iliyo chini ya meza, kile kifaa cha kushikilia mashine umeme ukikatika, ililia mara mbili, nayo ikanyamaza. Betri yake ilikufa zamani. Tumeiacha pale kwa heshima tu.

Mzee alikuwa akisema tangu baada ya laasiri. Mipaka ya shamba lake, miti, nani alipanda upi, upi uliingia kwa mirathi na upi kwa kununua. Hana karatasi hata moja. Yote yamo kichwani, na alitaka yaandikwe kabla hajafumba macho. Shangazi ana duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi hapa Wete, Pemba, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mlangoni nikisubiri mvua ipungue nimsindikize nyumbani.

Umeme uliporudi, baada ya isha, ukurasa ulikuwa mweupe.

"Imekwenda wapi?" shangazi aliniuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza ufunguo wake umewekwa wapi.

"Ilikuwa kwenye memori, shangazi. Ilikuwa bado haijafika kwenye diski."

"Memori ndiyo nini kwa Kiswahili?"

"Kumbukumbu."

Akanitazama, kisha akamtazama mzee, kisha akanirudia mimi.

"Kumbukumbu gani hiyo inayosahau?"

Wiki sita zimepita. Nimelibeba swali hilo sokoni, msikitini, darasani. Darasani ndiko linakonikera zaidi.

Ubao wa darasa la jioni

Maana mimi ni mwalimu wa kompyuta. Miaka minane nimesimama mbele ya ubao ule ule na kuandika maneno yale yale kwa wanaoanza. Kibodi na kipanya huingiza, monita na printa hutoa. CPU ni ubongo wa kompyuta. RAM ni kumbukumbu ya muda, hadidiski ni kumbukumbu ya kudumu. Wanafunzi huandika, hukariri, hufaulu, hupewa cheti.

Ni mmoja tu aliyewahi kunibana, kijana fundi wa pikipiki. Aliuliza: kama CPU ni ubongo, mbona kila mtu, na wewe mwalimu pamoja, mnaliita boksi zima CPU? Nikacheka, nikamwambia ni mazoea. Jibu lile halikumtosha yeye, na sasa halinitoshi mimi. Hapa kwetu ukisema "ipeleke CPU kwa fundi" unakusudia lile sanduku la bati na vyote vilivyomo: madabodi, pawasaplai, feni, diski na vumbi lake. CPU yenyewe, yaani prosesa, ni kipande unachoweza kukificha ndani ya ngumi. Hukaa chini ya feni, na wako watu wamemiliki kompyuta miaka kumi bila kuonana nacho.

Na huo ubongo? Ubongo hukumbuka. Prosesa haikai na kitu kwa muda wa maana. Huchukua amri, huitekeleza, huchukua nyengine, kwa mapigo ya saa yake. Ya shangazi imeandikwa GHz 2.2, maana yake mapigo bilioni 2.2 kwa sekunde moja. Prosesa ya Intel 4004 iliyotoka mwaka 1971 ilikuwa na transista, yaani vijiswichi vya umeme, 2,300 tu. Prosesa za leo zina mabilioni, lakini tabia haijabadilika. Ukitaka kuifananisha na mtu, mwache mwenye hekima wa mtaa, mtafute mchukuzi wa bandarini: beba huu, weka pale, rudi. Ndani ya gunia mna nini, hilo halimhusu.

Basi neno la kwanza kuniporomokea lilikuwa "ubongo". Miaka minane nimeliandika kwa chaki.

Aliyeondoa tiki

Kuna jambo sikumwambia shangazi usiku ule, kwa sababu nilikuwa sijalijua.

Programu yake ya kuandikia ina kawaida ya kujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, hata mwandishi akisahau kusevu. Umeme ukirudi, huitoa na kukuuliza kama unaitaka. Kwa hesabu hiyo, tungepoteza dakika chache za mwisho za mzee, mwembe na labda miti mitatu minne kabla yake. Tulipoteza saa tatu.

Kesho yake nikaingia kwenye mipangilio nione kulikoni. Kisanduku cha nakala ya dharura hakikuwa na tiki.

Mimi ndiye niliyeiondoa.

Ilinijia polepole, kama ndoto inavyorudi mchana. Mwaka juzi shangazi alilalamika kuwa mashine inaganda. Anaandika, herufi hazitoki, diski inakoroma, halafu zinamwagika zote kwa pamoja kama watoto waliofunguliwa chuoni. Nikaona inaganda zaidi pale inapojiwekea nakala. Nikaondoa tiki. Ikatulia kidogo, shangazi akaninunulia soda, nikajiona fundi.

Nilichokitibu kilikuwa kikohozi. Kifua sikukigusa.

Nilikaa na siri hiyo siku nne. Nilipomwambia alinyamaza, kisha akasema, "Basi lifungue hilo sanduku, tuone na chengine ulichonifanyia."

Jumapili na bisibisi

Skurubu zilikuwa zimeshika kutu. Chumvi ya bahari haichagui nyumba. Ndani kulikuwa na vumbi kama pamba, utando wa buibui, na mayai mawili ya mjusi, makavu, kwenye kona ya pawasaplai. Shangazi alivuta kigoda akakaa. Mashine ile ya mtumba anayo mwaka wa sita, na hakuwahi kuliona tumbo lake.

Nilianza na pawasaplai. Inapokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuutoa ukiwa volti 12, 5 na 3.3, kwa sababu vipande vya ndani ni dhaifu na vingeungua. Hiyo ilimwingia mara moja. Ana jiko la umeme na anajua kitu kuungua. Madabodi nikamwambia ni ubao ambao kila kitu kimechomekwa juu yake na kupashana habari kupitia kwake. Akaitikia kwa kichwa, haikumvutia.

Hadidiski ilimvutia. Ndani mna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na maandishi hukaa juu yake kwa sumaku. Sumaku haingoji umeme. Ndiyo maana barua alizopiga chapa miaka mitano nyuma bado zimo, hata umeme ukatike mara ngapi.

"Na hicho kinachong'aa kama sarafu?"

Betri. Imeandikwa CR2032, na namba hizo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Hutoa volti 3, na kazi yake ni kuweka hai saa ndogo na mipangilio ya mwanzo wakati mashine imezimwa ukutani. Hii ilikuwa imekufa. Nikamuuliza kama mashine haimwambii neno akiiwasha asubuhi.

"Huniandikia Kizungu. Nabonyeza F1, inaendelea."

Tangu lini?

"Sijui. Miaka miwili?"

Alidhani ndivyo kompyuta zinavyofunguliwa. Bismillahi, swichi, F1. Na kila asubuhi mashine yake iliamka ikiamini leo ni tarehe 1 Januari 2007, siku ikaisha hivyo, na kesho yake ikaamka tena siku ile ile. Betri ya namna hiyo niliipata kwa fundi saa. Ndiyo hiyo hiyo ya rimoti za magari. Dakika mbili, na miaka miwili ya F1 ikaisha. (Kwa siku kadhaa aliendelea kuibonyeza. Alisema bila hiyo hahisi kama duka limefunguka.)

Mwisho nikamwonesha RAM. Kijiti chembamba cha kijani, kimesimama wima kwenye mfereji wake. GB 1. Mfereji wa pili, pembeni yake, ulikuwa mtupu.

Hapo nikaona aibu yangu yote kwa pamoja. Mfumo wa mashine, programu ya kuzuia virusi, programu ya kuandikia, vyote vilikuwa vikigombea GB 1. RAM ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya mzigo kwenye diski, ambayo kwa RAM ni mwendo wa konokono, na kuurudisha unapohitajika tena. Ule mkoromo ndio ulikuwa huo. Mashine ilikuwa inahaha kutafuta pa kuweka mzigo, na mimi nikaipunguzia kazi moja iliyokuwa ya kumwokoa shangazi.

Jamvi

Nikajaribu kumweleza RAM. Nikasema kumbukumbu ya muda. Nikasema sehemu ya kufanyia kazi. Nikazunguka, nikarudi nilipoanzia.

"Ngoja," akasema. "Wewe unanieleza jamvi."

Sikuelewa.

"Karafuu ikishachambuliwa makonyo unaipeleka wapi? Jamvini. Kazi yote iko jamvini, kuitandaza, kuigeuza, kuitazama rangi. Guniani hakuna kazi, guniani ni kuweka tu. Sasa mvua ikija, iliyo guniani imo. Iliyo jamvini ni mbio zako."

Akachukua kile kijiti kutoka mkononi mwangu, akakigeuza.

"Na ukiwa na jamvi dogo, unaanika kidogo, unakusanya, unatandaza tena. Kutwa unakwenda mbio baina ya jamvi na ghala na karafuu haikauki. Si ndiyo kuganda kwenyewe?"

Ndiyo kuganda kwenyewe.

Nilitaka kumpinga, na pa kumpinga palikuwepo. Karafuu ukiitoa guniani, gunia linabaki tupu. Diski haimwagi kilichomo, inakitoa nakala. Ukifungua barua ya zamani, ukaivuruga, ukazima bila kusevu, ile ya zamani iko vile vile ilivyokuwa. Nikamwambia.

"Basi ni gunia la baraka," akasema. "Bado lile ni jamvi."

Nimefundisha miaka minane na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunieleza kuganda kwa mashine kwa sentensi nne.

Milisekunde 64

Ningeweza kuliacha hapo, nikaenda darasani nikafuta "kumbukumbu" na kuandika "jamvi". Lakini swali lake la kwanza lilikuwa bado halijajibiwa. Alikuwa ameniuliza kwa nini inaitwa kumbukumbu ikiwa inasahau. Alipoipa RAM jina lake mwenyewe, swali alikuwa amelikwepa, kama nilivyokuwa nikilikwepa mimi.

Nikaenda kusoma jinsi RAM inavyoshika kitu.

Aina tunayoitumia kwenye mashine zetu inatokana na wazo la Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Kila biti, kila moja au sifuri, imewekwa kwenye kijidude cha vipande viwili: transista na kapasita. Transista ni mlango. Kapasita ni kijitungi cha chaji. Kikiwa na chaji ni moja, kikiwa hakina ni sifuri. Tatizo ni kwamba kijitungi kinavuja. Huwezi kukijaza ukaondoka. Kwa hiyo mashine inapita tungi zote, inasoma kila moja, na iliyokuwa imejaa inaijaza tena kabla haijakauka. Kwa kawaida mzunguko mzima unatakiwa ukamilike ndani ya kila milisekunde 64. Hiyo ni zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja.

Nililisoma hilo mara tatu.

Kumbe RAM inasahau hata umeme ukiwepo. Inasahau wakati wote. Kinachoifanya ionekane inakumbuka ni kukumbushwa, kwa kasi ambayo jicho halioni, na umeme ukikatika anayekatika ni mkumbushaji.

Nikakumbuka chuoni. Tulikuwa tunahifadhi Juzuu Amma, sura baada ya sura, na mwalimu alikuwa hamsifu mtu kwa kuhifadhi. Alikuwa anauliza umedurusu lini. Sura uliyoisoma vizuri mwezi uliopita, ukiiacha, inaanza kuvuja kwa aya za katikati; mwanzo na mwisho vinabaki, katikati panakuwa na ukungu. Nilipokuwa mdogo nilidhani hilo ni udhaifu wangu mimi.

Na hapa ndipo panaponichanganya. Kwenye programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kitufe cha kusevu kimeandikwa Hifadhi. Neno lile lile la chuoni. Kwa hiyo diski, ambayo haihitaji kudurusu kitu, ndiyo tuliyoipa neno la kuhifadhi. Na RAM, inayodurusu mara 15 kwa sekunde, tunaiita ya muda na tunaidharau. Siku nyengine naona aliyeiita kumbukumbu hakukosea hata kidogo. Siku nyengine namfikiria mzee amekaa kwenye kiti gizani, na naona alikosea sana.

Sijaamua.

Maneno ya kununulia

Mfereji mtupu lazima ujazwe. Nikampigia simu rafiki yangu Unguja: ninunulie memori ya GB 2, nitumie. Ikapanda boti mpaka Mkoani, ikapanda gari mpaka Wete, ikafika imefungwa vizuri ndani ya gazeti. Nikaisimamisha kwenye mfereji, nikabonyeza. Haikuingia. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, na namshukuru Mungu shangazi alinishika mkono.

Ilikuwa DDR3. Mashine yetu ni DDR2, kizazi cha RAM kilichotangulia. Ukiziweka sambamba ni ndugu: urefu mmoja, miguu 240 kila moja. Ila kwenye ukingo kila moja ina pengo, na mapengo hayo hayalingani. Waliozitengeneza walifanya makusudi, ili mtu kama mimi asiichomeke ya kizazi kimoja kwenye mfereji wa kizazi chengine na kuunguza vyote viwili.

Aliyeuza hana kosa, na rafiki yangu hana kosa. Mimi nilisema "memori ya GB 2", nikaona nimemaliza. Mwalimu mzima.

Na "jamvi" lisingenisaidia. Ukienda soko la Darajani, Unguja, ukaomba jamvi la GB 2, watakuelekeza kwa wauza mikeka.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuona kinachonisumbua. Kuna maneno ya kuelewea na kuna maneno ya kununulia. Jamvi ni la kuelewea. Shangazi sasa anajua mashine yake inafanya nini kuliko wanafunzi wangu wengi wenye vyeti. DDR2 ni la kununulia. Halielezi kitu, ila bila hilo unapoteza nauli ya boti. Nilipoupitia ubao wangu kwa jicho hilo, nilikuta maneno mengi niliyoandika hayamo huku wala kule. "Kumbukumbu ya muda" haikumfanya mtu aelewe, na dukani hakuna anayeiuza kwa jina hilo. Yalikuwa maneno ya kufanyia mtihani.

Kijiti sahihi kilikuja wiki ya pili. Kile cha zamani nilikisugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, kwa sababu ilikuwa imefifia kwa unyevu, nikavirudisha vyote viwili. GB 3. Mashine haikoromi tena. Tiki nimeirudisha, na nikamnunulia hadidiski ya nje ya kuwekea nakala, kwa pesa zangu, bila kuambiwa.

Alisoma boksi lake: GB 500. Akaichomeka, mashine ikasema 465.

"Nani kala 35?"

Hakuna aliyekula. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000 kamili. Mfumo wa mashine yake unahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, ambazo ni 1,073,741,824. Baiti ni zile zile, kipimo ndicho kikubwa, kwa hiyo idadi inatoka ndogo. Nilijiandaa kueleza kwa urefu.

"Pishi mbili," akasema, na kurudi kwenye kazi yake.

Mikarafuu 43

Mzee alirudi Alhamisi iliyopita. Alikaa kiti kile kile, akaweka bakora yake pale pale ukutani, akaanza upya kama mtu aliyesimama kunywa maji tu. Shangazi alikuwa akiandika, na baada ya kila mti nilisikia vidole viwili vikigonga kwa pamoja: Control na S. Gunia. Mti mwengine. Gunia.

Walipofika upande wa kaskazini, mzee akasema mikarafuu 41.

Vidole vya shangazi vikasimama.

"Siku ile ulisema 43, mzee wangu."

"Nilisema?"

"Ulisema. Niliandika mie."

Mzee akafumba macho. Midomo ilikuwa ikitembea, na mkono wake wa kulia ukawa unagusa hewani, mti mmoja, mti mmoja, akipita shambani mwake mle dukani. Alikwenda mpaka mwisho, akarudi, akasita mahali. Alipofumbua macho alimtazama shangazi, kisha mashine, kama vile mmoja wao alikuwa na jibu na anamficha.

"Labda siku ile nilihesabu na iliyokufa," akasema. "Au leo nimeiruka." Akanyamaza tena. "Acha wazi hapo. Mtumeni huyu kijana akaihesabu."

Jumamosi nakwenda. Shangazi amenipa daftari, na ameniambia nichukue penseli, maana wino ukirowa hausomeki.